Bibi akipiga simu kutoka Japani

Mtoto wa Kijapani anayekulia Düsseldorf, Ujerumani, huwa na wiki ndefu kuliko wenzake. Jumatatu hadi Ijumaa anasoma kwa Kijerumani. Jumamosi, wenzake wakiwa uwanjani na mpira, yeye anabeba begi la pili na kwenda kusoma kwa Kijapani.

Shule hizo za mwisho wa wiki huitwa hoshuko. Washington, Marekani, ilipata ya kwake mwaka 1958, na leo zipo katika miji mingi wanakoishi Wajapani. Serikali ya Japani huwapa raia wake wadogo walioko nje vitabu vya kiada bure. Lakini somo la lugha la wiki nzima hubanwa katika saa chache za siku moja, na kinachobaki hurudi nyumbani kuwa kazi ya mzazi.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na chanzo ni kanji, yaani zile alama zenye asili ya Kichina. Darasa la kwanza mtoto hutakiwa kujua 80, la pili 160 nyingine, la tatu 200, la nne 202. Akimaliza miaka sita ya msingi anapaswa kuwa na 1,026. Mtoto aliyeko Japani huzikuta stesheni, kwenye vibao vya maduka na kwenye pakiti za biskuti. Aliyeko Ujerumani huzikuta mezani Ijumaa jioni, mama akiwa amesimama nyuma yake.

Akifika darasa la tatu au la nne huanza kuuliza kwa nini yeye tu. Kumjibu kwamba ni kwa sababu yeye ni Mjapani hakusaidii sana. Muda si mrefu mama anauliza kwa Kijapani, mtoto anajibu kwa Kijerumani. Mzazi wa Kitanzania au wa Kikongo aliyeko Ulaya anaijua vizuri hali hiyo.

Wajapani wa Brazil waliionja mapema. Meli iitwayo Kasato Maru ilifika bandari ya Santos mwaka 1908 ikiwa na wahamiaji 781. Walipotulia walifungua shule zao, lakini mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ilibana ufundishaji wa lugha za kigeni, na wakati wa vita kuzungumza Kijapani hadharani kukapigwa marufuku. Wajukuu wengi wakakua na Kireno peke yake. Kisha mwaka 1990 Japani ikalegeza sheria na kuwaruhusu wajukuu hao kwenda kufanya kazi. Wakaingia viwandani katika miji kama Hamamatsu, wakiwa na sura za Kijapani na ulimi wa Kireno. Watoto wao walioanza shule huko wakakishika Kijapani, na baadhi yao wakakiacha Kireno. Zikawepo nyumba ambazo baba anatoka zamu ya usiku, anakaa na mwanawe mezani, na hawana lugha ya kuzungumzia jambo zito.

Kwa hiyo wazazi walioko nje wana hofu ya kweli. Hata hivyo hawako katika hali moja. Familia iliyotumwa kikazi kwa miaka mitatu itarudi, na mtoto ataketi darasani na wenzake waliomwacha nyuma. Huyo kanji hazimkwepi. Familia ya mama Mjapani na baba Mjerumani isiyo na mpango wa kuhama ina nafasi ya kupumua. Ikiamua kuachana na hoshuko ili mtoto acheze mpira, haistahili kulaumiwa, mradi Kijapani kiendelee kuwa na kazi nyumbani.

Na kazi zipo. Anayeingia mlangoni husema "tadaima", nimerudi, na aliyemo ndani hujibu "okaeri", kama ilivyo hodi na karibu. Kaka mkubwa haitwi kwa jina lake tu, huitwa oniisan. Hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyefunzwa kusema shikamoo. Mapema Februari huja setsubun: baba anavaa kinyago cha zimwi, watoto wanamtupia soya zilizokaangwa huku wakipiga kelele kwamba zimwi litoke, baraka ziingie. Baadaye kila mmoja hula punje kulingana na umri wake, akizihesabu. Mtoto aliyemfukuza baba yake hadi barazani hahisi kuwa alikuwa darasani.

Ndani ya gari kuna shiritori. Mmoja anataja neno, mwenzake anaanza lake kwa silabi iliyomalizia. Sakura, yule ua maarufu, rakuda, ngamia, dango, vidonge vya unga wa mchele, gohan, wali. Aliyesema gohan ameshindwa, kwa sababu hakuna neno la Kijapani linaloanza na sauti hiyo ya mwisho. Haihitaji daftari wala kalamu, na mtoto hutafuta maneno mapya mwenyewe ili amshinde dada yake.

Unachezeka hata kwa simu. Bibi aliyeko Osaka, ambaye Kijerumani hajui hata neno, anaweza kucheza na mjukuu wake nusu saa nzima. Akiona mtoto anaanza kukwama, bibi husema "gohan" kwa makusudi.