Ngoma za Wazee Zirudi Hewani

Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikiwarekodi wapigaji wa ngoma, zeze na marimba wakipiga papo hapo, na hivyo msikilizaji wa Newala akaisikia ilimba ya Ugogo bila kupanda basi. Hukwe Zawose, bingwa wa ala hiyo, alifariki mwaka 2003. Sauti yake imebaki. Lakini ni wazee wangapi vijijini watakaozikwa na nyimbo zao? Kutunza kanda ni wajibu, ila hakutoshi. Mzee anayejua kwamba atasikika redioni huona sababu ya kumfundisha mjukuu wake. Hapana budi TBC, iliyorithi hazina hiyo, iwatengee saa moja kila wiki wapige moja kwa moja hewani, na walipwe ipasavyo. Maafisa utamaduni wa wilaya na walimu ndio wanaowafahamu. Wayapeleke majina yao sasa.