Miguu inawaka moto, na bado lawama ni kwa mlozi

Inaanza kwenye nyayo. Mtu anasikia sindano zinamchoma, halafu kama amevaa soksi wakati miguu iko wazi. Miezi inapita, vidole vya mikono navyo vinakufa ganzi. Katika Lubumbashi jirani atasema amelogwa. Kwenye kituo cha afya ataandikiwa vitamini na kurudishwa nyumbani. Ni mara chache munganga anamuuliza analala kartie gani.

Na swali lile lina uzito hapa. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza 1911, na miaka mingi upepo ulimwaga moshi wake juu ya Penga Penga. Udongo wa kule umebaki na risasi, arseniki, kadimi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mapimo ya mikojo ya wakaaji wa Katanga: kobalti ilipita yote yaliyowahi kuandikwa duniani kwa watu wa kawaida. Watoto ndio walioguswa zaidi.

Arseniki inanata kwenye asidi lipoiki, kitu kidogo ambacho mwili unakihitaji kugeuza chakula kuwa nguvu. Mshipa wa fahamu wenye kufika kidole cha mguu ni mrefu kuliko yote. Nguvu ikipungua, ncha yake inakufa kwanza, sawa vile maji ya presha ndogo yanakosa kufika nyumba ya mwisho. Risasi nayo inaharibu mshipa wa fahamu. Ndiyo maana aliyesumishwa na risasi anaweza kushindwa kuinua kiganja.

Kweli, kisukari na pombe vinaleta ganzi pia, hata isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ikimezwa bila vitamini B6. Basi mtu apimwe! Kukisia si kutibu.

Familia zilizokimbia vita zinapanga penye bei ndogo, hata kama ni penye vumbi. Kuziambia zihame ni kuzicheka, zimekwisha kuhama. Serikali ya jimbo na makampuni yenye kula faida ya shaba walipe mapimo: mkojo kwa arseniki, damu kwa risasi, kuanzia watoto na wamama wenye mimba. Matokeo yapewe mzazi mkononi, kwa Kiswahili. Na wakati familia inangoja, sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu unarudisha vumbi kwenye pua ya mtoto.