Sare Ndiyo, Lakini Si kwa Kufunga Geti



Kila shule zikifunguliwa picha ni ile ile: msichana yuko nje ya geti, hijabu kichwani, na simu zetu zinawaka moto. Haki yake, na lazima tupige kelele. Lakini hebu tazama vizuri pembeni ya geti hilo hilo. Kuna mvulana amesimama hapo. Yeye amerudishwa kwa sababu sweta lake halikununuliwa kwenye duka lililoandikwa kwenye barua ya kujiunga. Rangi ni ile ile, nembo ndiyo haipo. Huyo mbona hatumposti?

Mimi siko kwa wale wanaotaka sare ziondolewe. Mama mwenye watoto wanne anajua faida yake: nguo mbili, unafua moja unavaa nyingine, na hakuna mtoto wa kucheka viatu vya mwenzake. Sare iliwekwa ili umaskini usionekane darasani. Lakini shule ikidai sweta la duka moja, kwa bei ambayo ukienda sokoni unapata kama hilo kwa nusu yake, basi umaskini unaonekana getini, mbele ya kila mpita njia. Wizara imeshakataza huu mchezo wa duka moja, zaidi ya mara moja. Bado upo, kwa sababu kuna mtu anakula hapo katikati.

Na si jambo dogo. Kuna utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, shule za msingi 328, ambapo baadhi ya shule wanafunzi walipewa sare za bure. Wakabaki masomoni zaidi, na wasichana waliopata mimba mapema wakapungua. Sare tu, ndugu yangu! Sasa fikiria kinyume chake, yule anayefukuzwa kwa kuikosa.

Katiba iko wazi. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 27(4) kinakataza ubaguzi, na kwenye orodha yake dini imo na mavazi yamo. Hii si haki ya Waislamu peke yao. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimpa haki msichana wa Kirasta aliyekuwa amefukuzwa shule ya Olympic, Kibera, kwa sababu ya nywele zake. Kesi ya yule dada ilikuwa kesi yetu pia. Ni wangapi kati yetu waliandika hata mstari mmoja?

Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wa kesi ya Kiwanjani, Isiolo. Wasichana pale walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe juu ya sare yao, wala hawakusema wataivua. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imewakubalia mwaka 2016. Mahakama ya Juu ikaufuta ushindi huo, na mitandaoni ikavuma kwamba hijabu imepigwa marufuku Kenya nzima. Si kweli. Majaji wengi walisema madai hayo yaliwasilishwa kortini kwa njia isiyofaa, kisha wakaielekeza bodi ya shule ikae na wahusika itafute utaratibu. Kwa ufupi, mambo yamerudishwa kwa bodi.

Utaambiwa, ukiruhusu hijabu kesho kila mtu atakuja na chake. Aende Mombasa, Lamu ama Garissa aone shule za umma zilizojaa hijabu, na masomo yanaendelea. Shule ichague rangi, watoto waifuate. Tunachokataa ni rangi kugeuzwa kuwa duka la mtu au mtihani wa imani.

Sasa hiyo bodi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa bodi ya shule wawakilishi sita waliochaguliwa kwa niaba ya wazazi, na watatu wa mfadhili. Sita kwa watatu! Lakini siku ya kuchagua hao sita sisi tuko wapi? Mzee yuko dukani, mama ameambiwa mikutano ni ya wasomi, na wewe kijana uko kwenye simu unalaani mfumo.

Mkutano ujao wa wazazi mpeleke mamako, na kama hawezi, omba umwakilishe mdogo wako. Uliza maswali matatu: sheria ya sare imeandikwa wapi, nani alichagua duka, na mtoto asiye na sweta anafanywa nini asubuhi ile. Mwalimu mkuu akijibu kwa mdomo tu, omba jibu liingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha uombe nakala.