Pazia Jepesi Halisitiri Usiku

Wahenga walisema nyumba kubwa husitiri mambo. Lakini siku hizi yako majumba yasiyositiri hata neno, kwa ajili ya dirisha.

Apitaye Otonglo baada ya magharibi, katika barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, atayaona. Taa zimewashwa, madirisha ya vioo yameelekea njiani, na ndani limetungikwa pazia jeupe la neti, zuri la kupendeza. Mpita njia amwona mama amevua mtandio, watoto wavua sare za shule. Wenyewe wadhani wamejisitiri!

Mchana pazia hilo huficha, maana nje kuna nuru kuliko ndani. Taa ikiwashwa mambo hugeuka: aliye ndani haoni nje, na aliye nje aona kila kitu.

Wazee wetu wa Lamu na Unguja walijenga nyumba za mawe zenye ua wa ndani na madirisha machache ya njiani. Stara yao ilikuwa ukutani. Sisi tuliokwenda bara kutafuta riziki twapanga nyumba za mtindo mwingine, na kazi ya ukuta tumelitwika pazia.

Kwa hiyo nasema kila dirisha la njiani lataka fimbo mbili. Ya karibu na ukuta ichukue pazia jepesi, lipitishe upepo wa ziwa mchana. Ya mbele ichukue pazia zito, livutwe kabla taa haijawashwa. Fimbo ziachane kiasi cha vidole vinne, vitambaa visishikane, na zizidi dirisha kama shibiri kila upande, pasibaki mwanya wa kuchungulia. Dirisha likiwa pana, pawe na kishikio cha katikati, ama fimbo itapinda.

Tena msimamie fundi. Aghalabu juu ya dirisha pana boriti ya zege, na msumari hauingii. Fundi mvivu hugongelea kwenye plasta tu, na baada ya siku chache pazia zito li chini. Atoboe kwa mashine ifaayo zege, atie plagi, ndipo akaze skrubu.

Wako watakaosema gharama ni kubwa. Ni kweli. Basi mwenye fedha ya pazia moja na anunue lile zito kwanza, la urembo lingoje. Wengi wetu hufanya kinyume, kwa kuwa neti ndiyo isifiwayo na wageni.

Surat an-Nur, aya ya 58, imetaja nyakati tatu za faragha, ambazo hata watoto wa nyumbani wabishe hodi: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri, na baada ya isha. Mbili katika hizo ni nyakati za taa. Ikiwa mtoto wetu wenyewe yampasa kuomba ruhusa, vipi tumwachie mpita njia aingie kwa macho bila ya hodi?