Ukienda Ghana, uliza upepo kwanza

 

Juzi jirani yangu alinipigia hodi jioni akiwa na kijidaftari mkononi. Yeye na mkewe wamekuwa wakiweka akiba kwa miaka mitatu ili wawapeleke watoto wao watatu Ghana, nchi ya Kwame Nkrumah waliyoisoma sana shuleni. Hesabu ya nauli alikuwa nayo, ya malazi alikuwa nayo. Swali lake lilikuwa moja tu: je, joto la huko ni kali kiasi gani? Waondoke siku ya pili baada ya Krismasi, au wangoje?

Nilimwambia angoje. Nilimwambia kwa haraka hata akashtuka, kwani kosa alilotaka kulifanya nililifanya mimi zamani.

Mwaka huo nilikwenda na mwanangu aliyekuwa na umri wa miaka saba. Mtoto huyo ana pumu. Mimi nilijiandaa kwa jua: kofia, chupa za maji, mashati mepesi. Tukapanda basi kutoka Accra hadi Tamale, kaskazini mwa nchi, katika siku za mwisho za Desemba. Tulipoamka asubuhi mbingu ilikuwa na rangi ya jivu na jua liking'aa kama mwezi. Nguo tulizofua zilikauka kabla hatujamaliza chai. Midomo ilipasuka. Usiku wa tatu mtoto alianza kuhema, kifua kikiingia ndani, na inhela yake ilikuwa karibu kwisha. Tulikesha katika zahanati moja ya mjini mpaka alfajiri, nikihesabu pumzi zake. Alipona, alhamdulillahi, na leo ni mtu mzima anayenicheka kwa zile kofia. Lakini joto silo lililomwangusha, msomaji wangu. Ni vumbi.

Upepo huo huitwa Harmattan. Huvuma kutoka Sahara, upande wa kaskazini mashariki, aghalabu kuanzia Desemba hadi Februari, ukibeba vumbi jembamba la jangwani. Wakati mwingine ukungu wake huwa mzito hata safari za ndege zikacheleweshwa. Sisi tuliozoea kaskazi ya Pwani, upepo wa miezi hiyo hiyo unaopita juu ya bahari, hatuna mfano wake. Cha ajabu ni kwamba usiku wa Harmattan kule kaskazini huwa wa baridi. Mtu aliyefungasha kwa ajili ya joto tu hujikuta akiomba blanketi.

Sasa tusikilizane kuhusu mvua, maana hapo ndipo wengi hupotea. Ghana si nchi ya majira mamoja. Kusini, yaani Accra, Cape Coast na Kumasi, kuna mvua mara mbili kwa mwaka kama kwetu: masika yao huanza Machi au Aprili na kufikia kilele Juni, na vuli yao ni kati ya Septemba na Novemba. Kaskazini kuna msimu mmoja tu, takriban Mei hadi Oktoba, na mvua nyingi zaidi hunyesha Agosti na Septemba. Sababu ni kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua. Hupita juu ya kusini ukipanda, hufika kaskazini na kukaa, kisha hupita tena kusini ukirudi.

Hata kusini kwenyewe hakulingani. Accra hupata kiasi cha milimita 800 hivi kwa mwaka, ilhali Axim, mji wa pwani upande wa magharibi, hupita milimita 2,000. Lakini usiidharau Accra kwa uchache huo. Tarehe 3 Juni 2015 mvua kubwa ilifurika katikati ya jiji, watu wakakimbilia kituo cha petroli kujikinga, kituo kikalipuka. Zaidi ya watu 150 walipoteza maisha yao. Juni basi si mwezi wa kumpeleka mtoto kutembea Accra.

Na kuna jambo jingine la miezi hiyo ambalo mgeni hulikuta bila kutarajia. Wagaa, wenyeji wa Accra, huwa na mwezi mmoja hivi, kati ya Mei na Juni, ambapo ngoma na makelele hupigwa marufuku kabla ya sikukuu yao ya Homowo. Ukija na hamu ya kusikia ngoma utaambulia kimya. Ngoja Agosti, wakati Homowo inaposherehekewa katika miji mingi ya Wagaa. Maana ya jina hilo ni kuicheka njaa, na chakula cha mahindi hunyunyizwa njiani kukumbuka dhiki ya wazee wao.

Agosti! Mwezi huo ndio niliomtajia jirani yangu. Ukanda wa mvua huwa umehamia kaskazini, na maji baridi ya chini ya bahari hupanda juu karibu na pwani, hivyo hewa hupoa na mvua hupungua. Mchana Accra huwa na nyuzi 27 au 28 hivi, tofauti na Machi ambapo hupita 30 kwa urahisi na Tamale ikakaribia 40. Maji hayo ya baridi huleta samaki tele, na kuwatazama wavuvi wakivuta nyavu Cape Coast ni shule tosha kwa mtoto wa Nairobi. Isitoshe, shule zetu hufungwa wakati huo kwa wiki tatu hivi. Mnaweza kuiona ngome ya Elmina, iliyojengwa na Wareno mwaka 1482, kisha mkatembea juu ya daraja la kamba katika msitu wa Kakum, karibu mita 40 kutoka ardhini. Mke wangu alikataa katakata kulipanda, nami sikumlaumu.

Hasara ya Agosti ni moja: tembo. Mbuga ya Mole iko kaskazini, na katika mvua wanyama hutawanyika kwenye nyasi ndefu. Wanaotaka tembo huenda kiangazi, Januari hadi Machi, maji yanapokuwa machache na wanyama kulazimika kuja bwawani. Lakini tembo tunao hapa kwetu, mpenzi msomaji. Sioni haja ya kulipa nauli ya ndege kwenda kuwatazama huku mtoto akikohoa.

Mwanafunzi wa chuo asiye na pumu anaweza kujaribu Novemba mwishoni, vuli ikiisha na vumbi halijafika. Desemba ya Krismasi Accra hufurika wageni kutoka Marekani na Ulaya, hasa tangu mwaka 2019, na bei hupanda.

Msafiri wa msimu wowote sharti achanjwe homa ya manjano siku 10 kabla ya safari, na cheti chake asikisahau. Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo hutambuliwa kwa maisha yote. Anayekwenda kaskazini wakati wa kiangazi amuulize daktari kuhusu chanjo ya homa ya uti wa mgongo pia, na sisi wa nyanda za juu tusiuchezee malaria. Tembe zianze kumezwa kabla ya kuondoka.

Jirani yangu amekwisha kulipia tiketi za Agosti. Jana mkewe aliniuliza kama abebe masweta. Nilimwambia ayaache, ila la yule mdogo wa mwisho alitie mkobani.