Masikio ya Mtoto Yanapochekwa

Katika mji wa Katoro, mkoani Geita, yupo mvulana wa darasa la nne ambaye wenzake wamembandika jina la "Dishi". Msomaji aliyepata kuyaona yale masahani ya kunasia matangazo ya televisheni yanavyochomoza juu ya mapaa ya mabati hatahitaji kuelezwa sababu. Masikio ya mtoto huyo ni makubwa, nayo hayakulala ubavuni mwa kichwa kama ya watu wengi, bali yamesimama na kuelekea mbele.

Baba yake ni mchimbaji mdogo wa dhahabu mwenye hisa katika duara moja na wenzake. Mwaka huu duara hilo limetema. Wengine waliopata fungu lao walinunua pikipiki, na wengine, kama ijulikanavyo, walilipeleka kwenye vilabu vya pombe. Yeye alitangaza nyumbani kwamba fedha yake itakwenda kwenye masikio ya mwanawe, kwa kuwa amesikia kwamba wapo madaktari wanaoweza kuyakata na kuyalaza yakawa kama ya watoto wengine.

Mkewe, ambaye ni dada yangu katika ukoo, alikataa katakata. Masikio hayo ni ya marehemu baba yake, na mtoto amelirithi jina la babu huyo pamoja na masikio yake. "Mdogo wangu," aliniambia, "leo tukiyakata haya, kesho atakuja kusema pua yangu nayo ikatwe." Mumewe naye akanivuta pembeni: "Shemeji, wewe ni mtu wa magazeti, mweleze dada yako kwamba dunia imebadilika."

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kumuunga mkono dada. Kurasa za namna hii zimezoea kuuita urembo wa kisu kasumba na kuiga ya watu, kisha mwandishi huweka kalamu chini akiwa ameridhika. Lakini nilipomwona mtoto mwenyewe akitoka shuleni, akitembea peke yake hatua ishirini nyuma ya wenzake, niliona kwamba neno kasumba haliwezi kumsaidia mtoto wa miaka kumi.

Liko jambo moja ambalo sisi watu wazima hatulifikirii. Mtoto wa Ulaya mwenye masikio kama hayo huweza kuyaficha ndani ya nywele. Watoto wetu, wavulana kwa wasichana, katika shule nyingi za msingi hunyolewa nywele zikabaki fupi kabisa. Kanuni hiyo ina faida zake za usafi, lakini kwa mtoto mwenye masikio yaliyosimama ni sawa na kutangazwa upya kila Jumatatu asubuhi mstarini.

Tena dhihaka hii si ya leo wala si ya Katoro peke yake. Mwaka 1881, daktari mmoja wa New York, Edward Ely, alieleza jinsi alivyoyarekebisha masikio ya mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akichekwa na wenzake. Wataalamu huitaja kazi hiyo kuwa ya kwanza ya aina yake kuandikwa. Ufundi wa kushona ndewe zilizochanika ni wa zamani zaidi, maana waganga wa Bara Hindi waliuandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Upasuaji wenyewe, nilivyoelezwa, si wa kutisha kama baba wa mtoto alivyodhani. Sikio la nje halina mfupa. Umbo lake hushikiliwa na gegedu, ile kitu ngumu inayopindika tunayoihisi tukilikunja sikio kwa vidole. Masikio husimama kwa sababu mkunjo mmoja wa gegedu haukujengeka vizuri mtoto akiwa tumboni, au kwa sababu bakuli la sikio limekuwa na kina kirefu mno. Daktari hupasua nyuma ya sikio, mahali ambapo kovu halionekani upesi, akaikunja gegedu na kuishikiza kwa nyuzi. Kazi huchukua saa moja hadi mbili. Mtoto hupewa nusukaputi; mtu mzima mara nyingi hutiwa ganzi tu. Baada yake hufungwa bendeji kwa siku kadhaa, kisha huvaa utepe wa kichwa usiku kwa majuma kadhaa ili sikio lisikunjwe na mto.

Madaktari wengi hawapendi kuifanya kazi hiyo kabla mtoto hajafika miaka mitano au sita, kwa kuwa hapo ndipo sikio huwa limekaribia ukubwa wa sikio la mtu mzima. Baada ya umri huo hakuna mlango unaofungwa. Mtu wa miaka thelathini huweza kufanyiwa vilevile, ingawa gegedu yake imekuwa ngumu zaidi. Kwa hiyo anayemwambia mzazi kwamba asipoharakisha mwaka huu nafasi itapotea hamwambii kweli.

Haraka ipo kwa kichanga tu. Katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa gegedu ni laini sana, kwa sababu ya vichocheo vya mama ambavyo bado vimo mwilini mwa mtoto, na daktari aweza kuliweka sikio katika umbo lake kwa kifaa laini kinachobandikwa kwa muda, bila kisu. Bibi zetu wanaokanda vichwa na pua za vichanga hawakuwa wamepotea sana katika kuona kwamba kitu kilichozaliwa kilaini hupokea umbo. Ila mama asijaribu kumfunga mtoto masikio kwa plasta ya dukani, maana ngozi ya kichanga huchubuka na kuoza upesi.

Basi, baada ya mabishano ya majuma mawili, wazazi wale walikubaliana jambo moja: wende Mwanza wakamsikilize mtaalamu wa masikio, pua na koo, kisha ndipo wagombane wakiwa na habari kamili. Safari hiyo siku hizi ni nyepesi. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa, mgonjwa wa Geita haketi tena akingojea kivuko.

Daktari aliwasikiliza wote wawili, wala hakusema neno juu ya umbo la masikio. Alichukua kurunzi yake ndogo akatazama ndani. Sikio la kulia lilikuwa na usaha. Ngoma yake ilikuwa imetoboka, na si jana wala juzi. La kushoto lilikuwa na kovu. Alipopimwa usikivu ilionekana kwamba upande wa kulia mtoto husikia kwa shida.

Hapo dada yangu alikumbuka maneno ya mwalimu mmoja, aliyepata kumwambia mtoto mbele ya darasa zima: "Masikio yote hayo, na bado husikii!" Darasa lilicheka, mtoto naye alicheka pamoja nao ili yaishe. Nyumbani walipoelezwa, nao walicheka kidogo. Hakuna aliyejiuliza kama mtoto kweli hasikii.

Kutoka usaha masikioni ni maradhi ya kawaida mno kwa watoto wetu, na kwa ukawaida wake tumeyazoea kama tulivyozoea makamasi. Humwanza mtoto kwa mafua, usaha hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, ngoma hupasuka, maumivu hupungua na mama hushukuru kwamba mtoto amepona. Kumbe usaha ukiendelea kutoka zaidi ya majuma mawili, ugonjwa umehamia na unakula usikivu kidogo kidogo. Tiba yake ya awali ni ya bei ndogo: kulikausha sikio kwa pamba safi iliyosokotwa, kutia dawa ya matone aliyoandika mganga, na kuzuia maji yasiingie. Mafuta ya moto, maji ya kitunguu na majani ya kukamua havitakiwi kabisa. Kwa watoto waishio karibu na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, ambayo hunguruma tangu alfajiri, usikivu wa kupoteza si mwingi.

Daktari alieleza pia kwamba kurekebisha umbo la nje hakuongezi wala hakupunguzi kusikia, na kwamba hawezi kufikiria kupasua jirani na sikio linalotoka usaha, kwa kuwa gegedu ikipata uchafu huoza, na sikio lililokuwa limesimama huweza kuishia likiwa limesinyaa. Kwanza likauke.

Kisha akamuuliza mama swali ambalo sikulitarajia: je, katika ukoo kuna mtu ambaye jeraha lake likipona hufanya kovu la kutuna? Dada akafunua kilemba. Nyuma ya ndewe yake ya kushoto kuna kinundu cha ukubwa wa punje ya mahindi, kilichoota baada ya kutoboa tundu la pili la hereni akiwa msichana wa miaka kumi na sita.

Hapa nawaomba akina mama na vijana wa Shinyanga na Geita wanisikilize kwa makini, kwani jambo hili linawagusa wengi kuliko masikio yaliyosimama. Makovu haya yanayovimba na kuvuka mpaka wa jeraha, ambayo madaktari huyaita keloidi, huwapata watu wenye ngozi nyeusi mara nyingi zaidi kuliko weupe, na sikio ni moja ya mahali yanapopapenda. Hufuata ukoo. Imeonekana pia kwamba wanaotobolewa masikio baada ya miaka 11 huyapata zaidi kuliko waliotobolewa utotoni. Binti ambaye mama yake ana kinundu kama hicho afikiri mara mbili kabla ya kuongeza tundu la pili na la tatu kwa sindano ya shoga yake. Na kinundu kikisha kuota, kukikata peke yake ni kukialika upya, maana kwa wengi hurudi, tena pengine kikubwa zaidi. Tiba ifaayo huunganisha mambo mawili au matatu: sindano za kupunguza uvimbe zinazorudiwa kila baada ya majuma kadhaa, kukata kwa uangalifu, na hereni maalumu ya kubana. Anayeahidi kulimaliza kwa kisu siku moja aulizwe atafanya nini miezi sita baadaye.

Nimetaja ndewe. Zipo za namna nyingine zinazowafikisha watu wazima kwa madaktari. Kwa Wamasai na Wagogo wa zamani, ndewe iliyotanuliwa ikaning'inia ilikuwa heshima na urembo. Mjukuu wa mzee huyo aliyehamia mjini huomba ishonwe, nayo hushoneka vizuri kwa ganzi tu. Sioni sababu ya kumcheka babu wala mjukuu. Kuna na dada zetu walionyofolewa hereni na vibaka, na vijana waliong'atwa masikio katika ugomvi wa vilabuni, jambo ambalo wakazi wa machimboni wanalijua vizuri kuliko nitakavyoeleza. Kipande cha sikio kilichokatika kisitupwe. Kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji ya barafu, na mtu akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Meno ya binadamu yana uchafu mwingi, na jeraha lake halingojei asubuhi.

Na kwa ndugu zetu wenye ualbino, wakiwemo watoto wa shule ya Buhangija pale Shinyanga, sikio ni mahali ambapo jua hupiga bila huruma na saratani ya ngozi huanzia. Kofia ya kapelo haiyafuniki masikio. Inayotakiwa ni pama, pamoja na mafuta ya kukinga jua yanayopakwa hadi nyuma ya sikio. Kidonda kisichopona kionyeshwe mapema. Kisu kikihitajika hapo, hakuna mwenye haki ya kukiita urembo.

Kwa kweli mpaka kati ya urembo na tiba haukuwahi kunyooka. Shirika la AMREF, ambalo lilitupatia madaktari wanaoruka kwa ndege, lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu wa kurekebisha maumbile: Michael Wood, aliyekuwa akiishi upande wa Kilimanjaro, Archibald McIndoe, aliyewatengeneza sura marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, na Tom Rees wa Marekani. Ufundi uliojenga upya nyuso zilizoungua ndio huo huo unaolaza sikio la mtoto anayechekwa. Bima za afya, hata hivyo, kwa kawaida hutofautisha, na kazi ya umbo peke yake mgonjwa huilipia mwenyewe. Mzazi aulize gharama yote kabla, pamoja na za kurudi kuonwa tena.

Nilimwuliza shemeji kama amekata tamaa. Alisema hapana: fedha imewekwa, na sikio likikaa kavu miezi kadhaa atarudi Mwanza, kinundu cha mkewe kikiwa kimehesabiwa katika shauri hilo. Dada yangu bado hataki. Lakini sasa hataki kwa sababu ya kovu, wala hamtaji tena baba yake, na wanazungumza juu yake wakiwa meza moja.

Mtoto mwenyewe hakuwa ameulizwa na mtu hadi siku hiyo. Nilipomwuliza, alifikiri kwa muda mrefu, akachora chora ardhini kwa kijiti. Kisha akasema kwamba angetaka kwanza aketi dawati la mbele, upande ambao sikio lake zuri litamwelekea mwalimu, na kwamba lile jina liachwe. Juu ya masikio, alisema, atanijibu akifika darasa la saba.

Dada amekwisha kwenda kuonana na mwalimu mkuu. Dawati la mbele limepatikana siku ile ile.