Kalemie: Wamama wanalala mchangani, kodi yao inalala wapi?

KALEMIE, JIMBO LA TANGANYIKA – Kila mangaribi, wavuvi wakiisha kuingia ziwani na taa zao, wamama wachuuzi wanashuka pwani na mabeseni, wengine na watoto mgongoni. Wanatandika kitenge juu ya mchanga na kulala hapo mpaka mitumbwi irudi. Wako watu mjini wanaosema hiyo ni fujo, ati mwanamke mwenye heshima analala kwake, kwa hiyo pwani ifungwe usiku.

Wanaosema hivyo wanapenda kula ndagala, lakini hawajui ndagala inafika namna gani kwenye sahani. Ndagala inavuliwa usiku, kwa sababu inafuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu na uvuvi unapungua; kwa hiyo usiku wa giza ndio wa mapato. Mitumbwi inarudi alfajiri, na bei inapangwa palepale. Anayefika wa kwanza ananunua kwa mvuvi. Anayechelewa ananunua kwa mchuuzi mwenzake, na faida imeisha kuliwa. Tena ndagala haingoji. Isipoanikwa mapema jua likiwa kali, inaoza. Mama anayekaa mbali na ziwa atafikaje saa kumi usiku? Pikipiki ya saa hiyo inamaliza faida ya beseni zima, na njia ya giza ina wezi.

Basi analala pwani, si kwa kupenda. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini unapiga usiku kucha. Miezi ya mvua hakuna pa kujificha. Mbu wanaleta malaria. Mahali pasipo choo, watu wanajisaidia kando ya maji, na maji hayohayo ndiyo yanayotekwa asubuhi kwa kunywa na kuosha vyombo. Kalemie inajulikana tangu miaka mingi kuwa mmoja wa miji ya Kongo ambako kolera haimaliziki. Halafu kila mlipuko ukitokea, watu wanafundishwa kunawa mikono. Wanawe na maji gani?

Kuwafukuza hakutaponya kitu. Wakitolewa pwani hii watalala pwani nyingine, mbali zaidi na watu, ambako mwanamke akilia usiku hakuna wa kusikia. Amri ya namna hiyo hailindi mama. Inampa tu mwenye silaha au mwenye kikaratasi nafasi mpya ya kumuomba pesa.

Jibu linalopendwa ni kwamba serikali haina pesa. Lakini beseni la samaki likipanda kutoka mtumbwini, wa kulipisha hakosekani. Ikiwa kodi inajua njia ya kufika pwani alfajiri, huduma nayo ingeijua. Tangu mwaka 2015 Tanganyika ni jimbo na Kalemie ndio makao yake makuu. Haiwezekani tena kusema maamuzi yamekwama Lubumbashi. Umeme wa Bendera unafika mjini. Na Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi na umeme. Haikuandika kwamba haki hiyo inakoma pale mchanga unapoanza.

Wanachohitaji wamama hawa si jengo la ghorofa. Ni hangari yenye paa na sakafu ya simenti, vyoo vya wanawake mbali na vya wanaume, bomba la maji, taa chache, na mlinzi anayejulikana kwa jina. Hangari hiyo ijengwe juu, mbali na ukingo. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia ndani ya nyumba za watu; kujenga tena palepale ni kutupa pesa majini. Na wachuuzi wenyewe wapewe nafasi katika kamati ya kuisimamia, hesabu ya kodi ibandikwe ukutani kila mwezi ili kila mtu aisome.

Kalemie inajisifu kwa samaki wake, na inawapeleka mpaka ndani ya nchi. Mji unaokula kwa jasho la wamama hao hauna ruhusa ya kuwaita fujo. Viongozi wanaofikiri kulala pwani ni jambo dogo waende wakalale pale usiku mmoja tu, bila walinzi, halafu asubuhi wakunywe maji ya pale.